Mjukuu wa Likizo Si Mgeni

Ndugu mwenyekiti, ndugu mtendaji wetu wa kata, wazee wenzangu wa Temeke: shikamooni wakubwa zangu wote. Na ninyi vijana mliokuja kuwashika mkono wazazi wenu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie likizo ya Juni. Shule ziko karibu kufungwa, na wengi wetu hapa simu zimeshaanza kuita: "Mama, watoto wanakuja huko." Wapo watakaotoka Dodoma na treni, wapo watakaotoka Mwanza na basi, wengine wako Mbagala tu hapa, na baadaye kidogo watashuka wale wa Uingereza na Marekani. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi, sehemu kubwa wodi ya watoto, na sasa ni bibi. Nitasema kwa vyote viwili.

Nina neno moja. Mjukuu akija likizo tusimpokee kama mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjukuu apewe jembe lake siku ile ile anayoshusha begi. Awe na kazi yake katika nyumba, mahali pake pa kulala panapojulikana, sheria za nyumba alizoambiwa wazi, na mzee wa kumweleza yeye ni wa nani. Mtoto akikaa mwezi mzima kwenye kochi anatazama katuni na kuletewa chipsi, atarudi kwao bila kutujua, wala sisi hatumjui, na nafasi ya namna hiyo haiji mara nyingi. Leo ana miaka minane, kesho kutwa yuko sekondari ya bweni, halafu chuo, na sisi tunazidi kuchoka.

Kabla ya jembe kuna mazungumzo na wazazi wake, na hapo ndipo wengi wetu tunaona haya. Kijana anapiga simu anasema watoto wanafika Ijumaa. Tunajibu, "Waje tu, nyumba ni yao." Simu ikikatwa tunaanza kupiga hesabu ya unga. Wajukuu wanne si mchezo, wazee wenzangu. Kuna mkate wa asubuhi, kuna sukari, kuna umeme wa LUKU unaokwisha haraka kwa sababu televisheni haizimwi, kuna maji ya kununua kwa dumu kule ambako bomba linatoa siku linapotaka. Na wengi katika ukumbi huu hawana pensheni. Mmeuza samaki Feri, mmeshona nguo, mmebeba mizigo bandarini, mmelima, bila mfuko wowote wa kuwakatia akiba. Wenzetu wa Zanzibar tangu 2016 wana pensheni jamii, mzee akifika miaka 70 anapata chochote kila mwezi. Huku Bara mzee asiyekuwa mwajiriwa anategemea watoto wake na mikono yake.

Kwa hiyo kumwambia mwanao, "Baba, tuma na hela ya kula ya watoto," si uchoyo wala si kumfukuza mjukuu. Sema mapema, kabla tiketi haijakatwa, na taja kiasi. Ukinyamaza utakopa dukani kwa Mangi, deni litakaa mpaka Septemba, na moyoni utaanza kumwona mtoto mzigo wakati hana kosa lolote. Mwana ambaye kweli hana atakwambia hana, na hapo mtapanga pamoja: labda aje mtoto mmoja badala ya wanne, labda wakae wiki mbili. Hilo nalo linazungumzika.

Na tarehe ya kurudi itajwe. Nimeona nyumba ambazo mtoto aliletwa likizo, shule zikafunguliwa, mzazi hapokei simu. Kama mzazi ana shida anataka mtoto aishi kwa bibi moja kwa moja, aje akae chini aseme, atafutiwe uhamisho wa shule, mambo yaende kwa utaratibu. Mtoto asijue kwa kubahatisha kwamba ameachwa.

Safari nitaipita haraka. Mtoto asikabidhiwe konda. Najua zamani tulifanya, konda alikuwa mtu wa mtaani kwetu na basi lilifika mchana. Leo mabasi yanatembea hadi usiku, na kituo cha Magufuli pale Mbezi ni kikubwa mno kwa mtoto wa miaka tisa kusimama peke yake anamtafuta babu yake. Asafiri na mtu mzima ambaye jina lake na namba yake unazo wewe. Wanaotoka Morogoro na Dodoma, hii treni ya SGR iliyoanza mwaka 2024 imetusaidia, kwa sababu inafika mjini kati na saa ya kufika inajulikana. Lakini hata kwenye treni mtoto awe na mtu mzima wake.

Sasa nije kwenye afya, hapa mnivumilie nitakaa kidogo.

Ugonjwa wa mtoto usifichwe. Ninasema hivi nikifikiria zaidi selimundu, ule ugonjwa wa damu. Nchi yetu huzaa takriban watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, kwa hiyo katika ukumbi huu wamo mabibi na mababu wengi wanaoguswa. Mzazi mwingine anaona aibu kusema, anaogopa ukweni watasema ni balaa la upande wa mama. Selimundu mtoto huirithi kwa baba na kwa mama, pande zote mbili, na hakuna wa kumnyooshea kidole. Mkimficha bibi, bibi atamruhusu mtoto ashinde baharini siku nzima. Na Juni kwetu ni kipupwe, kusi inavuma, mtoto anatoka majini anatetemeka, hajanywa maji tangu asubuhi, na usiku mifupa inaanza kumuuma mpaka analia kwa sauti. Baridi, kiu na uchovu ndivyo vinavyoamsha maumivu yale. Mtoto huyo anaweza kucheza na wenzake vizuri tu, ila anywe maji mara kwa mara, avae sweta jioni, na vidonge vyake vya foliki asidi na dawa nyingine alizoandikiwa avipate kila siku bila kuruka. Akipata homa, hata kama ni ndogo, hospitali siku hiyo hiyo. Msisubiri kuche.

Vivyo hivyo pumu, kifafa, mzio wa karanga au dagaa. Mwulizeni mzazi kwa simu, halafu mwambieni aandike kwenye karatasi: dawa gani, saa ngapi, kiasi gani. Karatasi hiyo ije pamoja na kadi ya kliniki na kadi ya bima kama ipo. Na aje na dawa za kutosha siku zote za likizo.

Malaria. Hapa Dar imepungua sana, na watoto wa siku hizi wanaweza kukua bila kuiugua. Lakini wazee wengi mtawachukua wajukuu kwenda kuona shamba Rufiji, Mkuranga, au kusini Lindi na Mtwara, na huko malaria ipo. Mtoto aliyekulia Njombe kwenye baridi, au aliyezaliwa London, mwili wake haujajifunza kupambana nayo. Kinga ya malaria hujengwa kwa kuishi mahali ilipo, na hupungua mtu akiondoka, hata kama babu yake ni Mndengereko wa Rufiji. Watoto wa ughaibuni wazazi wao wawaulize madaktari wa huko dawa za kujikinga kabla ya kupanda ndege. Wote walale ndani ya chandarua, na chandarua kichomekwe chini ya godoro, kisiachwe kinaning'inia.

Nyumba zetu zenyewe, tuzitazame kwa macho ya mtoto wa miaka miwili. Sisi tuna dawa za presha na za sukari, tunaziweka mezani karibu na jagi la maji ili tusisahau. Kidonge kimoja cha glibenclamide, hiki cha sukari ambacho wengi tunakijua, kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo mpaka akapoteza fahamu. Kimoja tu. Dawa zipande juu, kwenye kabati lenye kufuli au ndani ya sanduku, siku ile kabla wajukuu hawajafika. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda. Ikitokea mtoto ameyanywa, msimtapishe, wala msimlazimishe maziwa. Akitapika mafuta yanaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mkimbizeni hospitali pamoja na hiyo chupa. Ndoo na mapipa ya maji yafunikwe. Mtoto anayeanza kutembea anaweza kuzama kwenye ndoo ambayo haijajaa hata nusu, kwa sababu kichwa chake ni kizito na akitumbukia mbele hawezi kujinyanyua.

Kuna jambo lingine, ni zito, na mwenyekiti aliniomba nisilikwepe.

Nyumba nyingi za Temeke ni za vyumba sita na korido katikati. Kuna wapangaji, kuna mjomba aliyekuja kutafuta kazi, kuna binamu wakubwa, kuna fundi anayelala sebuleni. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliotolewa mwaka 2011, ulionesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi na mvulana mmoja katika kila saba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Hao si watoto wa nchi nyingine. Kwa hiyo mpango wa kulala si jambo la kusema "watajibana tu humo humo." Wasichana walale chumbani kwa bibi, hata kama ni chini kwenye mkeka na godoro dogo. Wavulana wadogo wasichanganywe na vijana wakubwa wala na mtu mzima ambaye humjui vizuri. Mjukuu aambiwe siku ya kwanza, bila kutishwa, kwamba mtu yeyote akimshika mahali asipotaka aje kwa bibi saa ile ile, awe mjomba, awe mpangaji, awe mwalimu wa dini, na kwamba bibi atamwamini. Na akija, mwaminini. Msianze kumwuliza alikuwa anafanya nini huko. Namba 116 ni ya bure, ni ya kusaidia watoto, na kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Mambo haya hayamalizwi kifamilia. Nimehudumia watoto ambao yalimalizwa kifamilia.

Baada ya kusema hayo, ndiyo nirudi kwenye jembe lenyewe.

Nina mjukuu wa kike anaishi Dodoma. Kule nyumbani kwao wanajua mlenda, wanajua mboga ya karanga, nazi wanaiona dukani. Alipokuja nilimwambia, wewe hapa kazi yako ni nazi, mchuzi wa nyumba hii hauivi mpaka wewe umekaa kwenye mbuzi. Nikamwonesha kukaa, mbuzi imekazwa vizuri chini yake, kifuu kimeshikwa kwa mikono miwili, unakuna kwa kukizungusha, unaanza pembeni unaingia ndani, na ukiona weupe unaanza kuwa na rangi ya kahawia unaacha, maana ukifika kwenye ganda chicha linaingia uchafu na tui linapoteza weupe wake. Mwanzoni alikuwa anakandamiza kwa nguvu, nazi inatoka vipande. Nikamshika viganja, tukakuna pamoja polepole mpaka zikaanza kudondoka nyuzi laini. Halafu kuchuja: tui la kwanza, zito, linawekwa pembeni, chicha linatiwa maji tena linakamuliwa tui jepesi, ndilo linaloanza kupikia kisamvu. Tui zito linaingia mwishoni, na hapo mwiko hautoki mkononi. Unakoroga, unakoroga, moto mdogo, mpaka lichemke bila kukatika. Siku alipolifikisha mwenyewe bila kukatika alikwenda kumwita babu yake aje aone ndani ya sufuria.

Kazi ile ilikuwa yake. Ndugu zake wakubwa walipotaka kumsaidia aliwafukuza. Mama yake alinipigia simu baada ya likizo, akasema mtoto anamwagiza nazi sokoni na anamsimamia jikoni.

Wavulana nao wapeni. Mvulana akune nazi, afue soksi zake, afagie uwanja asubuhi, ateke maji, aende sokoni Tandika na bibi abebe kikapu na ajifunze kuuliza bei. Hakuna sababu ya mtoto wa kiume kurudi kwao anajua kucheza gemu tu. Kuhusu simu na katuni sina maneno mengi: pangeni saa yake, wekeni simu kabatini saa nyingine zote, na msitumie simu kumnyamazisha mtoto kwa sababu mmechoka. Mkichoka, mwambieni mmechoka. Mtoto anaelewa.

Halafu kuna utani wetu, ambao hakuna mwalimu anayeweza kuufundisha. Babu kumwita mjukuu wa kike mchumba, bibi kumwita mjukuu wa kiume mume wangu, mtoto kumwambia bibi, "Mimi sitaki mke mzee," na bibi kumdai mahari. Baba na mama hawawezi kutaniwa hivyo, wana adabu yao. Sisi ndio watu wazima pekee ambao mtoto anaweza kuwacheka akiwa anawaheshimu, na ndani ya kicheko hicho mtoto hutoa siri ambazo kwa mama yake asingezitoa. Msiuache. Wapo wazee wanaoona ni ushamba kwa watoto wa shule za Kiingereza. Si ushamba hata kidogo, ni haki yao. Itumieni kwa heshima yake, kwa maneno, hadharani, mbele ya watu wa nyumba.

Na usiku, umeme ukikatika au usikatike, toeni hadithi. Paukwa, pakawa. Kitendawili, tega. Lakini pia simulieni yenu wenyewe, kwa sababu hayo hayako kwenye kitabu cha darasani. Yuko mzee hapa alikuwa mtoto usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza iliposhushwa na yetu ikapandishwa, na uwanja wenyewe ni huu hapa kwetu, Uwanja wa Uhuru. Mchukue mjukuu kama miguu inaruhusu, msimame pale nje, umwambie ulisimama na nani, ulivaa nini, baba yako alisema nini. Mwambieni habari za foleni za sukari na sabuni miaka ile ya themanini, mwambieni habari za mabasi ya Ikarusi ya UDA na magari ya chai maharage, mwambieni mlivyokuja mjini na nani aliwapokea. Majina ya babu wa babu yake yasemwe kwa sauti, mtoto ayarudie. Wazee, sisi tukiondoka na hayo, nani mwingine anayo?

Wale wa ughaibuni nina neno la peke yake kwao. Uingereza shule hufungwa mwishoni mwa Julai, kwa wiki kama sita, na hapo binamu zao wa huku wameshafunguliwa. Kwa hiyo mtoto anafika nyumba imetulia, wenzake wote wako darasani mpaka alasiri, anajifungia chumbani. Msimwache hivyo. Asubuhi ndiyo yenu wazee: mpelekeni Feri akaone samaki wanavyoletwa na kunadiwa, mpandisheni kivuko kwenda Kigamboni na kurudi, mpelekeni Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama akaone nyumba za makabila, kiingilio chake kwa Mtanzania ni kidogo. Jioni binamu wakirudi, kombolela na rede. Nane Nane ni mapumziko, hapo wote wako nyumbani. Waliopo mapema Julai wana Sabasaba, maonesho yako barabara ya Kilwa hapa hapa kwetu, ila umati ni mkubwa. Karatasi yenye namba ya simu ya bibi iwe mfukoni mwa kila mtoto.

Na Kiswahili chao msikicheke. Mtoto akisema "nyumba mkubwa", mjibu kwa upole, "Ndiyo, nyumba kubwa," mwendelee na mazungumzo. Ukimcheka mbele ya wenzake mara mbili, atahamia Kiingereza na hutamtoa huko mpaka ndege inaondoka. Mpe muda akae jikoni, akae barazani, maneno yatamwingia yenyewe.

Siku ya kurudi, mkabidhini mtoto kwa maneno, msimkabidhi kwa begi tu. Mwambieni mzazi mtoto ameumwa nini, amepewa dawa gani, amekuwa anakula nini, anaogopa nini, amejifunza nini. Kama mlikwenda Rufiji au kusini, mwambieni hivi: mtoto akipata homa wiki zinazofuata, hata ikipita miezi miwili, apimwe malaria, na kama wako nje ya nchi wamwambie daktari waziwazi kwamba mtoto ametoka Tanzania. Madaktari wa kule wanaweza kudhani ni mafua, na malaria kwa mtoto asiye na kinga haimsubiri mtu.

Mimi nimemaliza. Kuna mama hapo safu ya pili aliniuliza kabla ya kikao kuhusu mjukuu mwenye pumu na jiko la mkaa. Mama, karibu mbele, tuanze na wewe, halafu mwenye swali lingine anyooshe mkono.